Mwali Hatoki Sandukuni

Jumatatu, tarehe 7 Juni, 1954

Idi imekwisha. Masika yamekwisha. Mikorosho yote ya Temeke imeanza kutoa maua, nami nimeanza daftari. Kanipa mwanangu Jabiri, karani huko Tanga, mtu wa kalamu mbili mfukoni na ya tatu sikioni. Ati mama, kila ukifungua sanduku la nyuki andika, ili baadaye ujue ulipokosea. Nilipokosea! Na mtoto nimemzaa mwenyewe. Lakini daftari zuri, lina mistari, na mie darasa nne nililimaliza, si kama wengine wa mtaa huu wanaoshika barua kichwa chini na kutikisa vichwa kana kwamba wamefiwa.

Leo asubuhi nikafungua sanduku. Nyuki wengi, masega mazito. Marehemu mume wangu aliwafuga kwenye mizinga ya magogo juu ya mkorosho. Mie nikawahamishia sandukuni, maana mwanamke wa heshima hapandi mti. Sanduku kalitengeneza Shomari, seremala wa Keko, ambaye Agosti, baada ya Idi kubwa, anamwoa binti yangu Mwajabu.

Nikatoa sega la katikati. Nikalitazama. Nikalirudisha, likagoma. Nikalisukuma kwa kiganja, kama mtu anayefunga begi la safari. Likaingia. Mie sishindwi na sega.

Jioni nyuki wamemtoa mlangoni mmoja mrefu kuliko wote, kapondeka kiuno. Mfalme wao! Marehemu ndivyo alivyomwita. Kafa.

Nimekaa kufikiri nani kaua. Nimempata. Avelina! Jirani yangu, mtu wa Bukoba, mke wa Leodegar karani wa reli. Alisimama uani kwake ananitazama, akaniambia polepole, Mama Jabiri, sega likigoma usilisukume. Kijicho kile ndicho kilichoponda.

Avelina naye anafuga nyuki. Ana masanduku manne. Sisemi zaidi.

Jumatano, tarehe 9 Juni

Lazima niandike hapa kwa nini sikulala vizuri.

Siku ya posa alikuja Bi Hija, shangazi wa Shomari, mwanamke ambaye mdomo wake unafika mahali kabla ya miguu. Akasema mbele ya watu kwamba harusi za Temeke siku hizi ni sharbati ya sukari ya dukani tu, mtu anarudi Keko koo limekauka. Nikasimama. Nikaapa. Wanawake kumi na saba walisikia. Nikasema harusi ya Mwajabu haitaingia punje ya sukari; sharbati, visheti, kashata, vyote kwa asali ya nyuki wa marehemu baba yake. Debe mbili! Bi Hija akajibu kwa upole wake wa sumu: haya shoga, tutaona, na zikikosekana, mie mwenyewe nitaleta gunia la sukari kichwani kutoka Keko mpaka mlangoni kwako, na ngoma mbele, ili watu wasikose utamu.

Atafanya. Namjua. Aliwahi kumpelekea mtu kitanda kwa ngoma kwa sababu alikuwa kasema kochi la mtu huyo lina kunguni.

Basi leo nikamwita Bwana Nyuki wa serikali, jina lake Elinaza, Mpare, kaptula ya kaki na soksi hadi magotini kama mtoto wa shule aliyesahaulika darasani. Kaja na baiskeli. Shikamoo yake nzuri, hilo sikatai. Nikamwambia mfalme kafa. Akasema mama, si mfalme, ni malkia, ni mama yao wote. Nikamwambia marehemu alisema mfalme. Akajibu, mama, mfalme hatagi mayai. Avelina, ambaye daima ana nguo za kuanika nikipata mgeni, akacheka hadi pini ikamtoka mdomoni.

Nimelifikiri jambo lile wakati wa kupepeta mchele. Nimekubali. Nyumba yenye watu elfu ishirini, wote wanafanya kazi, hakuna anayelala mchana, chakula kipo: mwanamume gani angeiendesha? Ni mama tu. Nimeshangaa serikali ilivyochelewa kugundua.

Bwana Elinaza kasema nisiogope. Nyuki wakijua wamefiwa, huchagua watoto wachanga, huwalisha maziwa yao mazito, huwajengea vyumba kama maganda ya karanga. Humo hutoka malkia. Nisubiri wiki moja. Nisifungue. Na tafadhali mama, kasema, usisukume kitu.

Huyu naye kaambiwa na Avelina.

Jumatano, tarehe 16 Juni

Karanga saba! Zinaning'inia kwenye sega kama vipuli vya harusi. Wengine wanapata mbili, tatu. Mie saba.

Bwana Elinaza kaja akasema tugawe. Nusu ya nyuki na karanga moja zibaki sanduku la zamani, nusu na karanga moja ziende sanduku jipya. Mmoja akiharibika, mwingine yupo. Zile tano nyingine kazikata. Shomari kaleta sanduku jipya mbio mbio, la mbao za kreti la chai. Pembeni pana upenyo, kidole changu cha mwisho kinaingia. Nikamwonyesha. Akasema mama, mbao bado mbichi, utajiziba. Aliongea huku anatazama dirisha la chumba cha mwali. Nikamuuliza anatazama nini. Bawaba, mama.

Kijana wa kazi huyo! Hapo hapo akasema ubao wa nyuma ya chumba kile umelegea, ataurekebisha bure. Akazunguka nyuma akagonga nusu saa nzima. Ya bure!

Chumba kile yumo Mwajabu. Binti yangu wa miaka ishirini, yumo ndani tangu Idi tatu kama ilivyo ada, hapigwi na jua, haonwi na mtu, liwa nampaka mwenyewe asubuhi na jioni. Siku ya harusi akitoka watu watafumba macho. Wa kwao Avelina, Bukoba, wanaolewa wakitoka kulima.

Sasa naandika neno ambalo mkono unakataa. Nikamuuliza Bwana Elinaza, haya, malkia akitoka kwenye karanga, halafu? Akasema mama, bado ni mwali. Nikafurahi, neno nalijua. Akasema atakaa ndani kama wiki, kisha siku ya jua saa nane mchana atatoka, ataruka juu sana, atakutana na madume wa masanduku mengine, kisha atarudi kutaga. Usizibe mlango.

Nikamwomba arudie. Karudia! Mbele ya Avelina, bila kupepesa jicho! Nikauliza madume wangapi. Akafikiri kama anayekumbuka bei ya khanga. Labda kumi, mama. Labda zaidi.

Nikajifunika uso kwa ukaya. Nikamwambia huko Upare mfanye mpendavyo. Akasema mama, nyuki ni hivyo popote. Nikamkaribisha chai, kwa sababu mie ni muungwana, lakini bila kitumbua.

Jumapili, tarehe 20 Juni

Wametoka! Niliweka sikio kwenye sanduku la zamani nikasikia mwali analia ndani: tiii, tiii, ti ti ti. Sawasawa na Mwajabu siku ya kwanza. Wote hulia. Huzoea.

Wa sanduku la zamani nimemwita Mwali Mkubwa, wa kreti nimemwita Mwali Mdogo.

Nami sikukaa bure. Nimepata Keko kipande cha wavu wa waya, wa chekeche la mchanga. Nimejaribu kwa nyuki mmoja mmoja: mfanyakazi anapita akijibana, mwali mwenye mwili wake hapiti. Dume naye hapiti, na vizuri. Nimepigilia mlango wa sanduku la kwanza, nimepigilia wa pili. Wafanyakazi watoke wakatafute riziki. Mwali atulie.

Kisha nikafanya mambo kwa ukamilifu. Bwana Elinaza anawafukizia moshi wa makumbi ya nazi, kama anafukuza mbu. Mie nikawafukizia udi. Kifuniko nikakipaka liwa. Walitoka wote kwa pamoja kama wageni waliosikia pilau imeiva. Nimeumwa mara sita. Ni furaha yao.

Avelina akaja mpaka kwenye ua, akautazama wavu. Akaniambia Mama Jabiri, huyo binti atazeekea ndani. Nikamjibu afadhali azeekee ndani kuliko kuzeekea njiani. Akasema, bibi, ana siku zake za kuruka, zikipita zimepita, hata ukimfungulia hatoki tena. Nikamuuliza kama kwao mabinti huachwa kuruka ruka. Akasema yeye alikwenda shule kwa miguu miaka minane, maili tatu kwenda na tatu kurudi, na hakuna kilichodondoka njiani.

Majibu ya watu waliosoma sana. Hayana adabu, na huyapati ya kuyajibu mpaka wameshaondoka.

Jumatatu, tarehe 28 Juni

Aibu! Aibu ya kufunika kwa jamvi!

Saa nane mchana, jua kali, nimekaa kwenye kibao cha mbuzi nakuna nazi, macho yangu kwenye masanduku. Kwenye sanduku la kreti, pale penye upenyo, kikatoka kichwa. Kisha mwili. Mrefu. Mwekundu wa asali. Mwali Mdogo! Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu ambaye ameifanya kazi hiyo jana. Akaruka. Nikaita. Nikapunga upawa. Nikamwita Mwajabu aje kunisaidia kutazama alikoelekea; nikaita mara nne, kimya. Huyu naye akilala mchana hulala kama gogo.

Muda wa chungu kuchemka, karudi. Karudi na nini! Nyuma kunaning'inia kiuzi cheupe, mchana kweupe, mbele ya nyumba yangu. Hakujificha hata kidogo. Katua pale pale kwenye upenyo, kaingia, na nyuki wenziwe wakampokea kwa shangwe kana kwamba katoka Makka.

Nilikaa chini kwenye machicha.

Nikaenda kumwamsha Mwajabu nimweleze, awe na funzo. Nikamkuta ameketi kitandani, anahema, pindo la khanga limejaa unga wa mbao. Nikauliza. Akasema mama, mchwa, wanakula boriti, unaniangukia. Maskini mtoto, ananyamaza tu na mchwa! Nitamwambia Shomari auangalie ule upande wa nyuma tena.

Jioni, nyuki wote walipoingia na kabla ya adhana ya magharibi, nikamwita Avelina. Nikamwambia chukua sanduku hili la kreti na aliyemo, kwangu hakai. Kaniuliza una hakika? Nikasema nina hakika. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, na Leodegar naye kavua kofia akauliza. Avelina akasema basi angalau Mama Jabiri, ondoa wavu kwa yule mwingine, leo leo. Nikasema aliyebaki ana mwenye kumlea.

Wakalibeba wawili. Avelina akarudi na mkungu wa ndizi na cheko ambalo aliliuma kwenye midomo. Anacheka! Hajui kabeba mzigo gani. Ndizi nimezipokea. Zina utamu, hilo lazima niseme.

Jumamosi, tarehe 17 Julai

Mwali Mkubwa yumo. Hajatoka hata unyoya. Wiki ya nne! Sijaona yai bado, lakini ni haya, wenye malezi hawakimbilii.

Nyuki wamepungua kidogo. Wamepungua sana. Wazee wanakufa, na watoto hakuna. Ni kipupwe.

Barua ya Jabiri. Ukurasa wa kwanza salamu, wa pili anauliza kama nimeacha mlango wazi mwali aruke. Tanga nzima imeharibika! Nimemjibu kurasa tatu juu ya hali ya dada yake, ngozi yake ilivyong'aa, na kwamba jirani anamsalimu, jambo ambalo ni kweli kila siku.

Kwa Avelina lile sanduku la kreti nyuki wanafurika, wananing'inia mlangoni kama ndevu za shehe. Kutwa nje, kutwa nje. Kama mama yao.

Jumatatu, tarehe 26 Julai

Naandika kwa furaha.

Bwana Elinaza kaja. Kafungua sanduku. Katoa sega la katikati (taratibu, anajionyesha). Juu yake vyumba vimefunikwa, vimetuna kama vifuniko vya birika. Kavua kofia. Nikafikiri kuna msiba. Akaniambia mama, malkia huyu hakukutana na dume. Mayai yake yote yanatoka madume. Madume matupu.

Madume matupu!

Aliendelea kusema. Ati dume hafanyi kazi, haleti asali, hana mwiba, anakula tu. Ati hakuna atakayelisha nyumba, sanduku litakwisha kabla ya mwezi ujao kwisha. Ati wachache waliobaki niwaunganishe na wa Avelina wapone. Sikumsikia vizuri kwa sababu nilikuwa napiga vigelegele.

Mie nimezaa wanne, mwanamume nikampata mmoja, na mmoja huyo mpaka leo natembea nimenyoosha shingo. Huyu mwanangu kazaa mia nne, na hakuvuka kizingiti! Nimewaita wanawake wa mtaa. Wamekuja sita. Nikawaonyesha. Nikasema tazameni faida ya kukaa ndani. Yule wa kreti nasikia anazaa mabinti tu, mabinti maelfu, hana hata aibu.

Avelina kwenye ua akauliza jambo moja: Mama Jabiri, wanaume mia nne, nani atawapikia?

Wote sita wakacheka. Nikawaambia waende wakaangalie vyungu vyao. Bwana Elinaza alikaa muda mrefu ameegemea baiskeli yake, anafuta kioo cha taa ambacho kilikuwa safi.

Jumamosi, tarehe 14 Agosti

Idi kubwa imepita. Harusi Jumamosi ijayo. Leo nikavuna.

Bakuli moja.

Si bakuli kubwa. Lile la kunawia mikono.

Madume yamejaa sanduku zima, manene, macho makubwa kama ya wageni wa heshima. Yamekula debe langu. Yanataka kutoka, hayapiti kwenye wavu, yamejipanga pale mlangoni yanavuma. Wafanyakazi waliobaki nimewahesabu nikachoka kabla ya kufika mia mbili, lakini nilichoka kwa sababu nyingine. Mwali Mkubwa anatembea juu ya masega matupu, polepole, kama mwenye nyumba anayetafuta funguo. Nilipofunika nikakaa kidogo bila kuondoka. Ni nyuki wa marehemu hawa. Alikuwa akiwasemesha jioni, anawaambia bei ya samaki.

Saa kumi kaja mtu wa Bi Hija na salamu. Ati Bi Hija anakusalimu sana, na kanituma nikwambie kata ya kuwekea gunia kichwani ameshaisuka, ya ukindu, ina rangi mbili. Na mpiga ngoma kapatikana.

Nikamwambia amsalimu. Nikamwambia asali ipo, tele, naogopa tu vyombo havitatosha.

Haya. Kichwa kinifanyie kazi.

Alhamisi, tarehe 19 Agosti

Nimefanya hivi, na lilikuwa jambo la akili. Sukari guru nyingi, maji, tangawizi, kipande cha nta kwa ajili ya harufu, na lile bakuli langu la asali ili lisiwe uongo. Nikachemsha debe mbili tangu alfajiri. Ikawa nyekundu, nzito, inang'aa. Mtu yeyote angesema asali. Nikaiacha ipoe.

Imeganda. Upawa umo ndani, hautoki. Shomari kaitwa, kaja na patasi, kapiga, patasi imepinda. Akasema mama, hii ingefaa kugandishia miguu ya meza. Nyuki wa Avelina walikuja watatu kuitazama. Wakaizunguka. Wakaondoka. Nyuki! Wanaotua hata kwenye taka!

Nikakaa jikoni. Kesho kutwa Bi Hija atapita Keko yote na gunia, watoto nyuma, ngoma mbele, na mlangoni kwangu atalitua mbele ya wakwe, kwenye harusi ya binti wa mtu ambaye asali yake watu walikuwa wakiifuata kutoka Kinondoni. Macho yalinitoka maji. Moshi. Moto ulikuwa umeshazimika, lakini moshi hukaa.

Mwajabu akatokea mlangoni pa jiko. Mwali! Nikamwambia rudi ndani. Akasema mama, nenda kwa mama Avelina. Nikasema labda wanizike kwanza. Akasema basi nitakwenda mie. Nikamwambia mwali hatoki. Akanifuta machozi ya moshi kwa pindo la khanga yake, akapita mlango wa mbele. Wa mbele! Saa tisa mchana! Kichwa juu, hatua kwa hatua, mpaka kwa jirani.

Nimehesabu kwa macho. Hatua ishirini tu, na alijitanda vizuri. Hiyo haihesabiki kutoka.

Nikabaki nimesimama na patasi iliyopinda mkononi. Baadaye wakaja wote wawili, Avelina na debe kichwani, Mwajabu na debe kichwani, jua linampiga mwali wangu usoni. Avelina akatua. Kafungua. Asali! Nyeupe kidogo, ya maua ya mikorosho, inavutika kama uzi wa hariri. Akasema moja ni ya masanduku yake. Ya pili, akasema, nusu yake imetoka kwa yule binti yako wa kreti, amefanya kazi sana Mama Jabiri. Nikauliza nikulipe nini. Akasema nialike karibu na sinia la kashata.

Nikamshika mkono, nikamwambia khanga uliyovaa imekupendeza. Ndilo lililotoka.

Jumapili, tarehe 22 Agosti

Harusi ya karne! Temeke haijaona, Keko itasimuliwa.

Bi Hija kaja na kata kichwani na juu yake hakuna kitu. Alikuwa kaliacha gunia nyumba ya pili, anasubiri ishara. Nikampa sharbati. Akanywa. Akanitazama. Akanywa ya pili, ya tatu, ya tano, na kata ikamshukia mpaka kwenye nyusi. Akauliza asali hii ya nani. Nikasema ya wanangu. Na si uongo! Mwali Mdogo nani kamlea? Alizaliwa kwangu, kafukiziwa udi wangu. Aliharibika baadaye, huko kwa watu. Kilichobaki kizuri ndani yake ni malezi ya siku nane za kwanza.

Avelina nilimkalisha mbele kabisa, na gauni lake la kanisani. Nikawaambia wageni huyu ndiye msaidizi wangu wa nyuki. Akapaliwa na kashata. Akacheka mpaka Leodegar akampiga mgongoni. Mtu mzuri yule, ukimzoea. Ana ujuvi tu.

Mwajabu alipotoka, watu walifumba macho kama nilivyosema. Alikuwa mweusi kidogo usoni kwa jua la Alhamisi. Nimewaambia ni liwa.

Leo asubuhi sanduku la marehemu limenyamaza. Mwali Mkubwa kafa, na madume wote mlangoni, wamejazana kwenye wavu. Hawakutaka kumwacha mama yao. Ndio watoto wa kiume! Bwana Elinaza angeona hilo angelia.

Avelina kanipa zawadi. Kipande cha sega chenye karanga moja, ya binti wa Mwali Mdogo, na nyuki wa kutosha wa kumlea. Ati ili ukoo wa marehemu usipotee kwako. Akaniambia Mama Jabiri, nakuomba, safari hii mlango wazi. Nikasema sawa, jirani.

Nimeshamwagiza Shomari sanduku. Mbao kavu za mninga, pembe zimeshikana, upenyo usiwepo hata wa sindano, na wavu mara mbili. Huyu mjukuu nitamlea mwenyewe.

Na la mwisho, kwa sababu anayestahili sifa apewe. Maharusi wako fungate hapa kwangu siku saba. Mchana huu nimekwenda kufagia nyuma ya kile chumba, nikaegemea ubao, ubao ukafunguka kama mlango, nikaingia ndani mzima mzima na fagio langu. Hauna msumari hata mmoja! Umesimamishwa tu tangu ile siku ya Juni. Nimemwita Shomari. Akatazama chini, akachukua nyundo, kaugongomelea hapo hapo misumari tisa, bure tena. Mwajabu kacheka mpaka kaketi sakafuni.

Mie sikucheka. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu. Wiki tisa tundu la kupita mtu mgongoni kwake, na ukiacha zile hatua ishirini, mtoto hakutoka! Ndiyo malezi hayo. Avelina aje ajifunze.